Chembe za wanga: ziangalie kwanza bila rangi

Picha nyingi za wanga ninazotumiwa na walimu ni nyeusi tii. Mtu kakata kiazi, kamwaga iodini, inayogeuza wanga kuwa buluu-nyeusi, kaegesha simu kwenye lenzi ya jicho, kapiga. Kinachoonekana ni madoa. Kwamba wanga upo, hilo hata kisahani na tone la iodini vingemwambia, hadubini ya nini?

Mimi ni fundi sanifu maabara kwenye sekondari moja hapa Tanga, na kwa hili ni mbishi: rangi baadaye.

Kwangua kiazi mviringo kwa ncha ya wembe, weka tone la maji, funika. Kwa ukuzaji wa mara 100 chembe utaziona. Panda hadi 400, kisha punguza mwanga kwa diaframu, kile kitundu cha kurekebisha mwanga chini ya slaidi. Hapo tabaka hujitokeza, moja nje ya nyingine kama mistari ya kombe la chaza, zikizunguka kitovu ambacho hakiko katikati bali karibu na ncha moja. Chembe kubwa za kiazi hufika mikromita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita.

Sasa weka muhogo. Chembe zake ni ndogo, mikromita 5 hadi 35 hivi, na nyingi zina upande wa duara na upande bapa, utadhani zimekatwa. Za mchele ni ndogo zaidi, 3 hadi 8, nazo ni pembe tupu.

Tofauti hiyo ina sababu. Chembe ya wanga hukulia ndani ya kifuko kiitwacho amiloplasti, ndugu asiye na rangi wa kloroplasti, kile kifuko cha kijani cha kwenye majani. (Kiazi kilichoachwa kwenye mwanga kikawa kijani, ni amiloplasti zake zimegeuka kloroplasti.) Utando wa kifuko hicho ni mwembamba mno, hadubini zetu za shule haziuonyeshi. Lakini kwenye kiazi, kifuko kimoja kwa kawaida hulea chembe moja, nayo hunenepa bila bughudha. Kwenye muhogo mara nyingi hukaa kadhaa pamoja. Ule ubapa ni pale zilipobanana. Kwenye mpunga husongamana chembe nyingi ndani ya kifuko kimoja, ndiyo maana zote zina pembe. Kifuko hukioni, ila umbo la chembe linakueleza humo ndani zilikuwa na nafasi kiasi gani. Ukimwaga iodini kali, habari hiyo yote unaifuta.

Picha ninayoipenda kuliko zote haihitaji rangi hata kidogo. Tafuta vioo viwili vya miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao. Kimoja kiweke chini ya slaidi, cha pili juu ya lenzi ya jicho, ukizungushe mpaka uwanja uwe giza. Chembe zitabaki ziking'aa, kila moja na msalaba mweusi unaokutana kwenye kitovu, kwa sababu molekuli za wanga zimepangwa kwa utaratibu kuelekea nje. Pasha slaidi taratibu kwa taa ya spiriti. Joto likipita nyuzi 60 na kitu, chembe huvimba, mpangilio huvurugika, misalaba hupotea. Vijana wakishaona hivyo huwaambia wakaangalie uji unavyoanza kuwa mzito jikoni. Hawasahau.

Iodini nayo ina siku yake. Izimue mpaka iwe ya njano hafifu, idondoshe pembeni mwa kifuniko, uivute kwa karatasi laini upande wa pili. Rangi ya buluu itaingia polepole na tabaka zitasalia.

Siku yake hasa ni ya mzizi. Otesha mahindi kwenye pamba mbichi, kata ncha ya mzizi mchanga, iponde kwenye slaidi. Kwenye kofia ya mzizi utakuta seli zenye amiloplasti zilizojaa wanga ambao mmea hauli: zinazama kwa uzito wake, na mzizi unatambua chini ni wapi. Wanabotania Haberlandt na Němec walilipendekeza jambo hili mwaka 1900, kila mtu kivyake. Ukitaka kuziona zimetua upande mmoja, usiponde; kata kipande chembamba kwa urefu, na kabla ya kukata weka alama upande uliokuwa chini. Wembe uwe mpya. Huo wa kunolea penseli utakuharibia kazi.