Jisupu la khalati

Jana alasiri tulimtoa khalati, dadake mamangu, kwa daktari wa macho, jicho la kulia limezibwa kwa kitambaa cheupe na kikombe cha plastiki juu yake. Mtoto wa jicho. La kushoto nalo lina wake, ila zamu yake haijafika, kwa hivyo kwa usiku mmoja khalati alikuwa haoni ila mwanga wa dirisha. Masharti akapewa mengi: asiiname, asibebe kizito, asisugue, asikaribie moshi wala mvuke wa jiko. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma.

Nilikuwa nimeloweka rosekoko tangu usiku wa kuamkia jana, nia yangu maharagwe ya nazi na chapati, tule tulale. Nikamuuliza kama yatamfaa. Akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Nipikie minestrone."

Khalati alipika Malindi miaka kumi na minne, kwa mama mmoja wa Kitaliano. Wataliano wamejaa Malindi tangu zamani, hata wauza vinyago wa ufuoni wanakipiga Kitaliano kuliko Kiingereza. Wengine waliletwa na roketi. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Italia ilisimamisha majukwaa baharini ikawa inarusha setilaiti, ya kwanza Aprili 1967 na ya mwisho Machi 1988. Mume wa yule mama alikuwa fundi huko. Khalati aliingia kwao 1985, msichana anayejua biriani na mkate wa mofa, akapewa kibao na kisu na kuambiwa akate karoti.

Minestra kwa Kitaliano ni supu. Ile "-one" ya mwisho ni ya ukubwa, kama "ji-" yetu inavyomgeuza mtu kuwa jitu. Basi ni jisupu. Mamangu huliita supu ya majani na sijawahi kumwona akimaliza bakuli. Huku kwetu supu ni ya mifupa, au ya pweza jioni pale barabarani. Ukitaja supu ya mboga watu wanakuuliza nani mgonjwa.

Mwaka jana nililipika peke yangu, nikifuata maelezo ya kwenye simu. Kila kitu ndani ya sufuria moja kwa pamoja, maji juu, chemsha. Khalati alikula kimya mpaka mwisho, akapangusa mdomo, akasema: "Mboga zako zimeoga."

Jana nikamwekea kiti cha plastiki mlangoni pa jikoni, mvuke usimfikie. Vitunguu viwili, karoti mbili, mabua mawili ya seleri. (Seleri nilimtuma mtoto wa jirani Marikiti, safari ya kwanza akarudi na kotmiri.) Vyote vikatwe vidogo kama punje za mahindi, kisha vilainike ndani ya mafuta ya zeituni kwa moto mdogo. Wataliano huuita msingi huo soffritto, na khalati hulitamka neno hilo kama mtu anayetaja jina la binti yake. Kwetu kitunguu hukaangwa mpaka kiwe chekundu. Kwao kikibadilika rangi tu umeharibu.

Mafuta yenyewe yakazua neno. Zeituni iliyomo nyumbani ni chupa ya mamangu, iko kando ya kitanda chake, ya kujisugulia kifua na kupaka nywele. Alinipa robo kikombe huku akiniangalia kama ninamwaga dawa ya mgonjwa.

Nikawasha gesi. Haikupita dakika.

"Chalia. Punguza."

Nikapunguza.

"Bado. Sitaki kukisikia kikilia, nataka kukisikia kikinong'ona."

Nikateremsha moto mpaka ukawa duara la samawati lisilozidi ukucha. Ile chrrr ikafifia, ikawa kama mvua ya rasharasha juu ya makuti ya nyumba ya mbali. Hapo akatulia. Dakika kumi. Mimi nasimama na mwiko, yeye ameinamisha sikio. Akaniuliza harufu. Nikamwambia kitunguu. Tukangoja. Akaniuliza tena, nikamwambia kitunguu na karoti. "Bado viwili hivyo." Ilipita kama robo saa nyingine ndipo nikanusa nikashindwa kusema ni harufu ya nini, si kitunguu, si karoti, si seleri, ni kitu kimoja kitamu chenye uzito. Sikuwa nimemwambia bado. "Haya, tia tungule," akasema. Alishaipata palepale kitini.

Hapo ndipo aliponipa kisa cha roketi. Siku ile ya mwisho, Machi 1988, nyumba nzima ilipanda darini kutazama, mama, watoto, hata mtunza bustani. Yeye alibaki chini. Soffritto ilikuwa motoni dakika ya kumi na tano. Alisikia mngurumo, akaona vikombe vikitikisika kabatini, akaendelea kukoroga. "Roketi ishakuwa na watu wake," anasema. Na ukimuuliza kama anajuta, anakuuliza kwani watoto walishuka wakala nini.

Kilichobaki si kazi. Tungule nne zilizomenywa, mbatata, mumunye, robo kabichi, majani machache ya sukuma wiki, halafu rosekoko pamoja na maji yaliyochemshiwa. Maharagwe ya Wataliano yana madoadoa kama hizi rosekoko zetu, kwa hivyo hapo sikubadilisha kitu. Upawa mmoja wa maharagwe niliuponda, ndio unaofanya supu iwe nzito. Kwao wengi huanza na mafuta ya nguruwe. Khalati alimwambia yule mama siku ya kwanza kwamba hayo hatayashika, na mama akaondoa neno hilo jikoni kwake miaka yote kumi na minne. Makaroni huchemshwa kando, ukiyalaza ndani ya supu yatainywa yote. Mamangu akapita akashauri kikombe cha tui.

"Ukitia tui ni mchuzi," khalati akasema bila kugeuka.

Ila ugomvi wenyewe ulikuwa wa mrehani. Genova humalizia jisupu lao kwa pesto, yaani mrehani uliopondwa na thomu, jibini, zeituni na kokwa za msonobari. Milano wao hutia mchele. Khalati ni wa Genova kwa sababu yule mama alikuwa wa Genova. Jibini sikuwa nalo, kokwa za msonobari sikuthubutu hata kuuliza, nikachukua korosho. Na mrehani uko mmoja tu, ule ndani ya kopo la rangi pale roshani, ambao mamangu huuchuma Alhamisi jioni auchanganye na asumini afunge kikuba chake. Nilipokata vichala vitatu akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Sasa mwataka kula kikuba?"

Nikautwanga ndani ya kinu kidogo cha thomu. Harufu iliyopanda ilikuwa ya harusi kabisa, ya nywele za bibi harusi, na kwa muda nilidhani mamangu ana haki. Ilipoingia kwenye supu ikawa kitu kingine.

Hawalili likifuka moshi. Genova hulila vuguvugu, wakati wa joto hata baridi, jambo ambalo Mombasa tungepaswa kulijua kabla yao. Khalati alipapasa kijiko, akaonja, akakaa. Akaonja tena. "Zuri. Lakini la leo ni la leo. Nibakishie kiporo."

Watu wa Toscana wana lao wanaloliita ribollita, maana yake iliyochemshwa tena: supu ya jana na mkate mkavu ndani. Leo asubuhi nikachana boflo ya juzi, nikatia, nikapasha moto, mwiko ukawa unasimama wenyewe. Tukaiacha ipoe tukaenda kwa daktari.

Saa nne tulikuwa tumerudi, kitambaa kimetolewa, matone ya dawa mfukoni. Njia nzima alikuwa akisoma mabango kwa sauti, la duka la simu, la fundi cherehani, hata namba za matuktuk. Alipoingia nyumbani akamtazama mamangu uso kwa uso, mara ya kwanza vizuri kwa miaka mitatu, akamwambia, "Dada, umezeeka," na mamangu akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha nikamwekea bakuli. Alilitazama kwa muda. Akachota, akainua kijiko mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akafunga jicho bovu akatumia jipya.

"Hii ni karoti au gogo?"

Nikasema nilizikata kama punje za mahindi.

"Mahindi ya wapi?" Akaitia mdomoni, akasogeza bakuli karibu.