Kumbukumbu ya mradi: "sound" limekubali kukaa, homonimu nne

Katika kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili, kidahizo (neno linaloelezwa) "sound" kimefungwa leo. Ni homonimu nne, yaani maneno manne yanayofanana umbo tu, na sharti lililotumika kuzigawa limeshika bila kiraka hata kimoja. Herufi S yote ilikuwa imesimama kwa sababu ya neno hili.

Mgawo wa kwanza ulifuata maana: sauti, uzima, mlangobahari, kupima kina. Idadi ni hiyohiyo nne, ila kigezo kilikuwa kibovu. Maana hunyumbuka. "Sound timber" ni mbao isiyooza, "sound sleep" ni kulala fofofo, "sound argument" ni hoja isiyo na ufa: ukifuata maana utapata vidahizo vitatu, na ni neno moja. Upande wa pili, mashine ya kupima kina kwa mwangwi inaitwa "echo sounder", na kila mtu anadhani jina limetokana na sauti. Sivyo. Mabaharia walikuwa "wakisound", yaani wakipima kina, kwa kamba yenye kizito cha madini ya risasi karne nyingi kabla mtu hajapeleka mwangwi chini ya maji.

Sharti lililofaa ni hili: gawa kwa mlango ambao neno liliingilia Kiingereza, usigawe kwa maana, wala kwa babu wa mbali kabisa.

Sound 1, sauti. Kilatini "sonus", kisha Kifaransa cha Kale "son", kisha Kiingereza cha Kati "soun". Ndivyo alivyoandika mshairi Chaucer, bila d. Hiyo d ilichomoza baadaye, na haina asili yoyote Kilatini. Ndiyo maana "sonic", "unison" na "resonance" hazinayo. Jambo hilohilo limetokea katika "thunder", ambalo katika Kiingereza cha Kale ni "þunor". Msomaji wa Kiswahili haelezwi kwa taabu: ulimi huzaa ndimi, -refu huzaa ndefu. Kwetu l au r ndiyo inayogeuka d, kwao d imezaliwa mpya, lakini chanzo kiko mdomoni palepale: ulimi umeshagusa ufizi kwa ajili ya n, na pua ikiziba mapema kidogo, kinachotoka ni d. Kwa hiyo sehemu ya \et, alama ya asili ya neno katika faili yetu, iandikwe "soun". Ukiandika "sound", atakayekuja nyuma yako ataitafuta d Roma na hataipata.

Sound 2, -zima. Hili ni la nyumbani: Kiingereza cha Kale "gesund", ndugu wa "gesund" ya Kijerumani na "gezond" ya Kiholanzi. Kiambishi "ge-" kimedondoka. Katika kamusi ya Kiingereza cha Kale ya Bosworth na Toller lisake G. Wengi wanalisaka S na kukata tamaa. Tafsiri ya "safe and sound" ilichukua dakika moja, maana tunayo tayari: salama salimini. Uzuri wake ni kwamba Kiingereza kimeoanisha neno la Kifaransa na la Kiingereza cha Kale, sisi tumeoanisha maneno mawili ya mzizi mmoja wa Kiarabu.

Sound 3, mlangobahari, kama Øresund kati ya Denmark na Sweden. Ni "sund" ya Kinorse cha Kale, lugha ya kale ya Skandinavia, ambayo ilikuwa pia na maana ya kuogelea. Ni jamaa wa "swim". Hapa pana maana ya pili ambayo kamusi ndogo huiruka: mfuko wa hewa wa samaki. Tafsiri nyingi huishia "kibofu cha samaki". Wavuvi na wachuuzi wa sangara Ziwa Victoria wana neno lao, bondo, wingi mabondo, na ndilo lililoingia.

Sasa sound 4, iliyokula muda wote. Kupima kina kumeingia kutoka Kifaransa "sonder". Je, Wafaransa walilitoa wapi? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni Kilatini cha mtaani "subundare", "sub" na "unda", chini ya wimbi. Umbo hilo limekisiwa tu, halijaonekana limeandikwa popote, kwa hiyo litiwe nyota. Ya pili ni ya lugha za kaskazini: Kiingereza cha Kale kina "sundgyrd", upondo wa kupimia kina, na "sundline", kamba ya kupimia, na haya yameandikwa. Ikiwa njia ya pili ndiyo, basi sound 4 ni sound 3 iliyovuka kwenda Ufaransa na kurudi kwa mlango mwingine.

Kwa kigezo cha babu wa mbali, homonimu zingekuwa tatu au nne kutegemea umesoma kamusi ipi, na kila badiliko lingevuruga namba zote. Kwa kigezo cha mlango ni nne daima: 3 ina asili ya kaskazini moja kwa moja, 4 imepita Kifaransa. Ubishi wenyewe unawekwa kwenye \ec, mahali pa maoni ya asili, na namba hazitikisiki. Naona hili lifanywe kwa kila neno lililozunguka hivi.

Mitego miwili imebaki wazi. "Sundry" na "asunder" hazihusiki; zinatoka "sundor", mbali au pekee. Na hospitalini "ultrasound" ni ya 1, ila kile kijiti cha chuma cha kuchunguzia ndani ya mwili, kinachoitwa "sound" vilevile, ni cha 4.

Kuhusu zana: katika faili ya matini tupu yenye alama za MDF (mpangilio wa alama za sehemu za kamusi), \hm, namba ya homonimu, ijazwe mwisho kabisa. Ukiijaza mapema, kila \cf (rejeo) inayoelekeza "sound3" itakuwa imepotea siku utakayoongeza homonimu katikati. FLEx, programu ya kutungia kamusi, hutoa namba yenyewe, na kwa kazi ya aina hii ndiyo ningeishauri.

Baada ya hapa ilipangwa "fast", kisha "bank". Zimeahirishwa, kwa sababu tafsiri ya sound 4 imefungua kabati jingine. Kitenzi ni "kutia bildi", bildi ikiwa kile kizito cha risasi cha kwenye kamba, na kipimo ni pima. Pima moja ni wari 2, mikono 4, shibiri 8: mikono iliyonyooshwa pande zote mbili. "Fathom" ya Kiingereza, futi 6 au mita 1.83, inatoka "fæðm", na maana yake ni mikono iliyokunjuliwa. Halafu "to sound someone out" kwa Kiswahili ni nini kama si kumpima mtu? Alama za kamba ya bildi ya Waingereza zinaingia pia: pima 2 ngozi ncha mbili, 3 ngozi ncha tatu, 5 kitambaa cheupe, 7 chekundu, 10 ngozi yenye tundu. Kidahizo "fathom" kimefunguliwa, \lx (neno lenyewe) na \et zimejazwa, \gn (tafsiri) inasubiri.