Namba 462 isiyoenea chumbani

Kwa siku kadhaa nilikuwa nikijivunia mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta. Unachukua namba ya safu na namba ya mstari, unazilinganisha biti kwa biti (zile 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia namba), na unaweka nyota pale tu ambapo hakuna 1 inayokutana na 1. Skrini inajaa pembetatu ndani ya pembetatu: umbo la Sierpiński, alilolieleza mwaka 1915, miaka 60 kabla ya neno fraktali, yaani umbo linalojirudia ndani yake lenyewe, kuzaliwa. Rahisi mno. Nikajitia kulichora kwa Brainfuck, lugha ya kuandikia programu ambayo jina lake sijathubutu kulitamka mbele ya wazazi.

Lugha hiyo aliitunga Urban Müller mwaka 1993. Ina amri 8 tu, kila moja alama moja. Una mkanda wa vyumba vya namba. Unasogea kushoto au kulia, unaongeza moja, unapunguza moja, unazunguka mpaka chumba kiwe sifuri. Ukitaka kujumlisha chumba na jirani yake bila kukipoteza, unakimwaga moja moja katika viwili, kisha unarudisha kimoja. Ni kuhamisha kisima kwa kijiko, na mimi nilikuwa nafurahia kila kijiko.

Nikapita njia ya pembetatu ya Pascal, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Witiri nachapa nyota, shufwa naacha wazi, na umbo lilelile la Sierpiński linajitokeza. Tatizo nililiona mapema kwenye karatasi: mstari wa 11 kutoka juu una 252, wa 12 una 462, na chumba changu mwisho wake 255. Kikipita hapo kinarudi sifuri na kuanza upya. Kwa hiyo nikaandika kipande kirefu cha kupunguza kila namba iwe 0 au 1 kabla ya kujumlisha. Kipande hicho kilinila usiku mzima. Mara kinafuta jirani, mara kinazunguka bila kikomo. (Kusaka kosa katika lugha isiyo na herufi hata moja ni adhabu, macho yanaanza kuona mchwa.)

Karibu alfajiri nikakifuta chote, ili tu nione picha inaharibikia wapi. Nikaendesha. Mstari wa 11 sawa. Wa 12 sawa. Wa 13, wa 20, wa 32, kila tundu mahali pake.

Nilikodoa macho kwa muda kabla sijarudi kwenye karatasi. 462 ikizidi inabaki 206. Zote shufwa. Chumba kinapofurika kinapoteza 256, na 256 yenyewe ni shufwa. Witiri inabaki witiri hata ifurike mara ngapi. Kumbe nilikuwa nimepigana usiku kucha na hitilafu isiyoweza kunidhuru.

Nikaongeza mistari ikawa 64, kisha 128, nikitafuta hata nyota moja iliyopotea njia.

Sikuipata.