Elfu ngapi?

Jana binti yangu alikuwa akitengeneza mtu wake kwenye mchezo wa simu. Kabila keshachagua: nusu elfu. Akakwama kwenye rangi ya ngozi, kidole chapeleka kitufe kushoto, chakirudisha kulia. Halafu akaniuliza: "Mama, mtu akiwa nusu elfu, elfu ni mamake au babake?"

Nikacheka mpaka akanuna. Swali kama hilo niliulizwa na Bibi mwaka 1998, na sikuwa na jibu.

Ramadhani iliangukia Desemba mwaka ule, shule zimefungwa. Ami alikuwa amerudi kutoka melini na kile kitabu chake kisicho jalada, juzuu tatu zimeshonwa pamoja, cha Mwingereza Tolkien, *The Lord of the Rings*, cha miaka ya 1954 na 1955. Bibi hakujua Kiingereza, wala hakuweza kukaa kimya alasiri, saa ambazo funga huanza kuuma. Basi ikawa kazi yangu kusoma na kufasiri papo hapo, uani kwetu Kibokoni, Mombasa, yeye amekalia mbuzi akikuna nazi ya futari.

Siku ya kwanza nilimwambia kuna watu wazuri ajabu, hawazeeki, waitwa elfu (Kiingereza chasema *elf*).

"Elfu ngapi?"

"Si hesabu, Bibi. Ni kabila."

"Kabila haliitwi elfu. Wazaliwa na nani?"

Swali lake la kila ukurasa lilikuwa hilo. Wafanya nini, wenda wapi, hayo hayakumshughulisha. Wazaliwa na nani? (Masikio yaliyochongoka hakuyasikia, maana kitabu chenyewe hakiyataji kwa hao elfu. Binti yangu hataki kuniamini.) Wale wafupi wenye manyoya miguuni walimfurahisha, kwa sababu mwandishi kawagawa mafungu matatu: moja weusi kidogo kuliko wenzao, moja wapenda kandokando ya mito, moja weupe na warefu. "Thelatha Taifa," akasema, yale makabila matatu ya Waswahili wa Mombasa yanayotajwa pamoja na wenzao Tisa Taifa, na akaanza kuhesabu kwa vidole vilivyojaa nazi: Wakilindini, Watangana, Wachangamwe. "Na Tisa Taifa wako wapi?" Nikamwambia sijafika mwisho.

Tulipofika kwa wale ndugu wawili wa damu mbili, walioruhusiwa kuchagua wahesabiwe elfu au binadamu, mmoja akaenda huku na mwenzake kule, Bibi alicheka sana. Enzi ya Mngereza, akasema, karani akiuliza wewe Mwarabu ama mwenyeji, na kodi yategemea jibu lako. "Babu yako alichagua kuliko hao. Kila karani na jibu lake."

Lakini nilichotaka kukieleza ni ile alasiri moja.

Nilikuwa nimekwisha kuona, kurasa nyingi nyuma, kwamba watu wa kusini katika kitabu kile, wale weusiweusi, ndio waliojiunga na adui. Nilikuwa nikiwaruka. Nasema "watu fulani" kisha napita. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na niliona haya, nisijue haya hizo ni zangu ama za mwandishi. Siku ile nikafika penye vita msituni, askari mmoja wa kusini akaanguka, akafika karibu kabisa na yule mtumishi mfupi aliyejificha. Nikanyamaza.

"Mbona wanyamaza?"

"Kuna mtu kafa."

"Nani?"

"Askari wa adui. Katoka kusini."

"Yukoje?"

Ningeweza kudanganya. Nikasoma. Kalala kifudifudi, mshale umeingia shingoni, chini ya ukosi wa dhahabu. Nguo zake nyekundu zimeraruka. Nywele nyeusi zimesukwa pamoja na dhahabu, zimelowa damu. Mkono wake wa kahawia bado umeshika mpini wa upanga uliovunjika.

"Wana ndovu, hao?"

"Wanao."

"Basi hao wa huku."

Nikamfasiria na yaliyobaki, polepole, kwa kuwa mwenyewe sikuyaelewa vizuri: kwamba yule mfupi alimtazama maiti akajiuliza jina lake nani, kwao wapi, na kama kweli alikuwa mtu mbaya ama ni uongo na vitisho vilivyomfikisha mbali vile.

"Ehe. Jina lake nani?"

"Hakisemi."

"Kitabu kizito hivyo. Wafalme na baba zao na babu zao, wote wanisomea. Huyu hana jina?"

"Hakisemi, Bibi."

Machicha yalikuwa yamemganda mpaka kwenye kiwiko. Akajipangusa kwa upindo wa leso, akasema "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun" kwa sauti ileile aliyoitumia akisikia msiba mtaa wa pili. Kisha akasema:

"Ni Faraji."

"Faraji wa nani?"

"Faraji tu."

Akainama, akaendelea kukuna. Nazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nikisikia meno ya mbuzi yakikwaruza kifuu, kwa muda, mpaka mama akaja kuuliza tui liko wapi.

Sitaki mumfanye Bibi kuwa walii. Ni yeye huyo aliyekuwa akinifukuza juani nisije nikaungua, maana nani atanioa. Mtoto akizaliwa, kitu cha kwanza alitazama pua. Alituhifadhisha baba saba mpaka Shiraz, Uajemi, na ole wako umruke mmoja.

Ukubwani nilimsoma Ursula K. Le Guin, kitabu chake cha 1968: visiwa kila upande, mashua, mganga mwenye rangi ya udongo mwekundu, rafikiye mweusi, na weupe ndio wavamizi watokao mashariki. Televisheni ya Marekani ilipokiigiza mwaka 2004 ilimweka mganga mweupe, na mwandishi hakuficha hasira zake. Bibi angeuliza tu mganga kazaliwa na nani. Sikuwahi kumsomea.

Mwaka 2023 jarida la sayansi la *Nature* likatoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengine wakiwa wa Mtwapa hapa jirani. Damu ya Uajemi imo, nyingi kwa upande wa baba. Ya Afrika imo, nyingi kwa upande wa mama, na wamechanganyika tangu kama mwaka 1000. Kundi la WhatsApp la ukoo liliwaka siku tatu. Nusu waliandika, tuliwaambia sisi Washirazi. Nusu waliandika, tuliwaambia sisi Waafrika.

Na lile jina. Nilichelewa kujua kwamba Faraji, Mabruki, Baraka, ni majina waliyokuwa wakipewa watumwa majumbani. Katika baba saba wa Bibi hakuna Faraji. Kwa upande wa mamake hatukuhifadhishwa mtu. Nilimuuliza shangazi. Akanisukumia kikombe: "Kunywa chai, mwanangu, yapoa."

Binti yangu alimaliza rangi, kahawia iliyokolea, na nywele za fedha. Ikabaki sehemu ya jina. Amwite nani? Nikamwambia Faraji.

Akasema hilo si jina la elfu, akaandika jingine, refu, limejaa herufi L.