Nilivyorudishiwa fedha za bima ya mkopo na benki ya Uingereza

Katika mkataba wangu wa mkopo wa mwaka 2006, bima ilichukua mstari mmoja tu: pauni 1,500. Nilikuwa nimekopa pauni 7,500 kuezeka nyumba ya mama Tanga na kumlipia mdogo wangu ada ya chuo. Benki ikaijumlisha ile 1,500 kwenye mkopo, deni likawa 9,000, na riba ikahesabiwa juu ya yote. Kwa miaka mitano bima peke yake ilinila pauni 31 na nusu kila mwezi, na nilipomaliza mkopo nilikuwa nimeilipia pauni 1,890. Huku Uingereza bima hiyo inajulikana kwa herufi tatu, PPI. Naandika nilivyoidai fedha hiyo hadi ikarudi, kwa sababu bado nakutana na watu wetu wanaoamini kwamba bila wakili huwezi kuigusa benki.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki bima hiyo haikutushtua. Kwetu Tanzania anayekopa benki hukatwa bima ya mkopo mapema, na akifariki au akipata ulemavu wa kudumu deni hulipwa na familia haisumbuliwi. Kwa hiyo afisa wa benki pale Leicester aliponiambia mkopo unakwenda na kinga yake, na kwamba ombi lingepita kirahisi nikiichukua, nilielewa kuwa ndio utaratibu. Kumbe ilikuwa hiari. Mteja angeweza kuikataa na mkopo akapewa vilevile. Afisa hakunieleza hilo, na wala hakuniuliza kama bima yenyewe ingenifaa.

Isingenifaa. Nilikuwa kea, yaani mhudumu wa wazee, wa ejensi, zamu ya nyumba hii leo, ya nyumba ile kesho, na wiki ambayo hawakukupigia simu hukulipwa. Bima iliahidi kulipa marejesho yangu nikipata ajali, nikiugua au nikipoteza kazi. Lakini masharti yake yalitaka mwajiriwa wa kudumu. Mtu wa ejensi akikosa zamu hahesabiwi kuwa amepoteza kazi. Na maumivu ya mgongo yalikuwa na masharti yake peke yake, yanayotaka ushahidi wa daktari bingwa na vipimo. Aliyewahi kumnyanyua mzee kutoka kitandani usiku kucha anajua mgongo ndio unaotangulia kuharibika katika kazi hii. Nilikuwa nalipia kinga ambayo kwa hali yangu isingenikinga.

Haya yote niliyajua mwishoni mwa 2012, kwa mwenzangu wa zamu za usiku, mtu wa Mombasa. Aliniuliza kama niliwahi kukopa, nikamwambia. Akasema, "Basi dada, hela yako wanayo. Na barua ya kuidai andika mwenyewe, usimpe mtu." Yeye alikuwa amesharudishiwa ya kwake. Akanieleza kwamba shirika la Citizens Advice, lile lenye ofisi za ushauri wa bure, lilizishtaki bima hizi kwa chombo cha serikali tangu mwaka 2005, mabenki yakavutana na mdhibiti wao hadi mahakamani, na Aprili 2011 Mahakama Kuu ikayakatalia. Mwezi uliofuata yakatangaza hayatakata rufaa. Tangu hapo ilibaki kila mtu kudai chake.

Nilianza kwa kuomba kumbukumbu zangu. Sheria inampa mtu haki ya kupata taarifa ambazo kampuni inazo kumhusu. Wakati ule uliambatisha hundi ya pauni 10; tangu Mei 2018 ni bure. Mimi mkataba ninao, lakini nilitaka kuona upande wao wameandika nini, na huo ndio uamuzi uliobeba kesi yangu. Ilikuja bahasha nene, na ndani yake fomu ya maombi ya mkopo. Kwenye sehemu ya kazi, afisa mwenyewe alikuwa amejaza kwamba ninafanya kazi ya muda kupitia ejensi. Yaani waliponiuzia bima ya mwajiriwa wa kudumu walikuwa wanajua kwa mwandiko wao kwamba mimi si mwajiriwa wa kudumu.

Barua yangu ya malalamiko ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliandika tarehe na namba ya mkopo, nikaeleza kazi yangu ya wakati ule, nikataja sharti la bima lililonitoa nje, na mwisho nikasema ninachotaka: nirudishiwe kila senti niliyolipia bima, riba iliyotozwa juu yake, na riba ya asilimia 8 kwa mwaka kufidia muda niliokaa bila fedha yangu. Kuhusu maneno ya afisa niliandika nilivyokumbuka, na nisipokumbuka nikasema sikumbuki. Hapa nina msimamo mkali. Mtu akiandika kwamba alitishwa, alifichwa, aliugua na hakuwa na kazi, yote kwa pamoja, barua yake inafanana na zile zilizochapwa kwa maelfu na kampuni za madai, yaani zile zinazowadaia watu kwa ada, na msomaji anaipa uzito mdogo. Ukweli mmoja unaoweza kuuonyesha kwa karatasi unashinda tuhuma kumi za "aliniambia", kwa sababu afisa naye ana neno lake na mazungumzo yale hayakurekodiwa.

Benki inapewa wiki nane kujibu. Ya kwangu ilijibu kwamba imekataa: nilitia sahihi, kisanduku cha bima kiliwekwa alama, nilipewa kijitabu cha masharti. Fomu ya maombi haikutajwa kabisa. Jibu kama hilo linatisha, limeandikwa kwa lugha ya kufunga mlango, na najua watu waliolisoma wakaishia hapo. Lakini mwisho wake, kwa herufi za kawaida tu, liliandika kwamba nina miezi sita kulipeleka lalamiko kwa Financial Ombudsman Service, yaani msuluhishi wa migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha. Huduma yake kwa mteja ni bure, na uamuzi wake wa mwisho, mteja akiukubali, unaifunga benki.

Msuluhishi ana dodoso lake la bima hizi. Linakuuliza uliuziwa ana kwa ana, kwa simu au kwa posta. Ulikuwa na kazi gani. Mwajiri angekulipa ukiugua. Ulikuwa na akiba. Ulikuwa na maradhi yoyote. Nilikaa nalo kwa utulivu. Swali la malipo ya ugonjwa watu hulipita haraka, na linafaa kuangaliwa vizuri: aliyekuwa na mwajiri anayemlipa mshahara kamili kwa miezi sita ya ugonjwa hakuihitaji sana bima hiyo, na hiyo nayo ni hoja. Niliambatisha nakala ya fomu ya maombi, hati za mshahara za ejensi za mwaka 2006, na ukurasa wa masharti niliouwekea alama. Kwa asiyeimudu lugha, wana utaratibu wa mkalimani. Inabidi kuwaambia mapema.

Kisha nikangoja, na nilingoja sana. Malalamiko yaliyofika kwao kipindi kile yalikuwa mengi kupita uwezo wao. Mchunguzi aliponipigia simu mwaka 2014, alikuwa ameisoma fomu ile ya maombi kabla yangu kuitaja. Aliniuliza juu ya zamu, juu ya wiki zisizo na kazi, akashukuru. Maoni yake yalikuja kwa maandishi: benki ilijua hali ya ajira yangu, na haikutakiwa kuniuzia bima ile. Benki ikakubali bila kulipeleka suala mbele zaidi.

Nililipwa pauni 1,890 zangu, na juu yake riba ya fidia ya zaidi ya pauni 860. Kwenye hiyo riba benki ilikata kodi ya asilimia 20, kama sheria ilivyotaka. Mkononi ikabaki kama pauni 2,580. Na hapo kwenye kodi pana jambo ambalo limewapita wengi. Kuanzia Aprili 2016 mlipakodi wa kiwango cha kawaida anaruhusiwa kupata hadi pauni 1,000 za riba kwa mwaka bila kodi, lakini waliolipwa fidia baada ya hapo waliendelea kukatwa ile 20. Aliyekatwa aliweza kuiomba mamlaka ya kodi kwa fomu iitwayo R40, ndani ya miaka minne. Niliwajazia watu kadhaa fomu hiyo. Ni kazi ya jioni moja.

Sasa hizo kampuni za madai. Walikuwa wakipiga simu mchana na usiku, na ada yao ya kawaida ilikuwa robo ya fedha hadi asilimia 30, na VAT juu. Kwa fedha yangu hiyo ingeweza kufika zaidi ya pauni 900 kwa ajili ya kuandika barua niliyoiandika mwenyewe. Bunge liliwawekea ukomo wa asilimia 20 mwaka 2018, wakati watu wengi walikuwa wameshatia sahihi. Kibaya kuliko vyote nilikiona kwa ndugu mmoja kutoka Kongo. Alikuwa na deni la nyuma kwenye benki ileile, kwa hiyo fidia yake ilikwenda kupunguza deni na yeye hakushika hata senti. Kampuni ikamletea ankara ya ada yake, alipe taslimu. Nilikwenda naye Citizens Advice wakamsaidia kupanga malipo kidogo kidogo. Inaniuma hadi leo, kwa sababu alichohitaji tangu mwanzo kilikuwa bahasha na stempu.

Kesi ya mume wangu ilikuwa ngumu zaidi. Yeye ni dereva wa basi, mwajiriwa wa kudumu, mzima wa afya, na bima yake kwa masharti ingemlipa. Benki ilimkataa na msuluhishi naye akamkatalia. Kilichomfungulia njia ni mjane mmoja, Susan Plevin, ambaye mwaka 2006 alikopa pauni 34,000 na kuuziwa bima ya pauni 5,780. Katika hiyo, asilimia 71.8 ilikuwa kamisheni ya wakopeshaji na madalali, na hakuna aliyemwambia. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kumficha mteja kamisheni kubwa kiasi hicho kulifanya uhusiano wa mkopo usiwe wa haki. Mdhibiti akatunga kanuni, zikaanza kutumika Agosti 2017: kamisheni ikizidi nusu ya bei ya bima, kile kilichozidi kinarudishwa pamoja na riba. Kwa bima ya pauni 2,000 yenye kamisheni ya asilimia 70, hizo ni pauni 400 na riba yake. Mabenki yaliagizwa kuwaandikia waliokwisha kukataliwa. Barua ya mume wangu ilifika, akataka kuitupa akidhani ni matangazo. Tuliijibu, akalipwa. Si nyingi kama zangu, lakini alizilipa na ni zake.

Mlango wa kawaida ulifungwa tarehe 29 Agosti 2019, siku ya mwisho iliyowekwa na mdhibiti baada ya kampeni ile ya televisheni yenye kichwa cha bandia cha Arnold Schwarzenegger. Kwa waliochelewa benki haina wajibu wa kupokea lalamiko, isipokuwa kwa sababu nzito kama ugonjwa mkubwa. Kilichobaki ni mahakama kwa msingi ule wa kesi ya Plevin. Oktoba 2023, katika kesi ya Smith dhidi ya Royal Bank of Scotland, Mahakama ya Juu iliamua kwamba miaka sita ya kudai inahesabiwa tangu uhusiano wa mkopo ulipokoma, hata kama bima yenyewe ilikoma zamani. Hilo linamgusa aliyekuwa na kadi ya mkopo aliyoendelea kuitumia hadi miaka ya karibuni. Huko sasa ndiko ningeshauri kumuona mwanasheria kwanza, kwa sababu mahakama ina gharama na ukishindwa unaweza kuzibeba.

Barua ya namna yangu bado ina kazi kwenye mikopo ya magari. Januari 2021 mdhibiti alipiga marufuku kamisheni iliyompa muuza gari uwezo wa kumpandishia mteja riba ili yeye apate zaidi. Mpwa wangu alinunua gari kwa mkopo mwaka 2017. Tumemwandikia mkopeshaji ukurasa mmoja: tarehe, namba ya mkataba, na swali kama palikuwa na kamisheni ya aina hiyo na ilikuwa kiasi gani. Ombi la kumbukumbu zake tumelituma siku hiyohiyo.