Namna nilivyoacha kuiamini kila sifuri katika taarifa za kimeta

Kazi yangu ni ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza katika mkoa wa Arusha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, jambo ambalo hakuna aliyenieleza chuoni, ni kusoma sifuri. Kila Jumatatu zahanati, vituo vya afya na hospitali hutuma kwa simu taarifa ya wiki iliyoishia Jumapili, zikitaja idadi ya wagonjwa walioonekana kwa kila ugonjwa uliomo katika orodha ya ufuatiliaji. Kituo ambacho hakikumwona mgonjwa nacho hakiruhusiwi kukaa kimya. Kinatakiwa kuandika sifuri, kwa kuwa ukimya hauwezi kutofautishwa na mtandao uliokatika. Utaratibu huo ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba vigezo tunavyopimwa navyo, yaani utimilifu wa taarifa na kufika kwake kwa wakati, ambavyo lengo lake ni angalau asilimia 80, hutimizwa na sifuri ya mtu asiyefungua rejesta sawasawa na sifuri ya mtu aliyeipitia ukurasa kwa ukurasa.

Ugonjwa ulionilazimisha kulitazama jambo hili kwa makini ni kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo na kumpata pia binadamu anayemgusa au kumla mnyama aliyeugua. Katika maeneo ya wafugaji ya Monduli, Longido na Ngorongoro kimeta si mgeni, kwa sababu spora za bakteria wake, yaani umbo lao gumu la kujihifadhi, hudumu ardhini kwa miongo mingi na mifugo huzila pamoja na majani mafupi yaliyo karibu na udongo, hasa nyakati za ukame na mvua zinazoufuata. Nilikuwa na vituo katika maeneo hayohayo ambavyo taarifa zake za kimeta zilikuwa sifuri msimu baada ya msimu, huku maafisa mifugo wa kata wakizungumzia ng'ombe na mbuzi waliokufa ghafla, damu isiyoganda ikiwatoka puani. Mifugo ilikuwa inakufa, kibudu kilikuwa kinachunwa na kuliwa, na bado kwenye karatasi zangu hapakuwa na binadamu aliyeugua.

Njia ya kuihoji sifuri hiyo niliiazima kutoka ufuatiliaji wa polio, ambao kwa maoni yangu ndio uliofikiriwa vizuri kuliko mwingine wowote tulio nao. Huko hatungoji polio ionekane. Tunamtafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla, na kila eneo linatarajiwa kumpata angalau mmoja kwa mwaka kwa kila watoto 100,000 hata kama polio haipo, kwa kuwa yako maradhi mengine yanayolegeza viungo vivyo hivyo. Wilaya isiyompata mtoto hata mmoja haipongezwi, bali huulizwa kama inatafuta. Ni kwa ushahidi wa namna hiyo kwamba Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani iliweza kuthibitishwa kuwa haina tena kirusi cha polio cha asili.

Kimeta hakina kiwango kama hicho, kwa hiyo nilitumia vifo vya mifugo kuwa kipimo changu cha matarajio. Niliwaomba maafisa mifugo waniambie kila wiki ni katika kijiji gani wanyama wamekufa ghafla, kisha nikaziweka habari zao kando ya taarifa za zahanati za vijiji hivyo. Pale ambapo wanyama walikufa na zahanati ikaandika sifuri, ndipo nilipokwenda. Sikwenda kukagua, maana mkaguzi huonyeshwa vitabu vilivyopangwa. Nilikwenda nikaomba tusome pamoja rejesta ya wagonjwa wa nje.

Katika zahanati moja, rejesta ilikuwa na majipu, vidonda vya ngozi na uvimbe wa mkono, vyote vimepewa antibiotiki na kuandikwa kuwa ni maambukizi ya kawaida. Mganga mfawidhi, kijana makini ambaye siku ile alikuwa peke yake na foleni ya akina mama mlangoni, alinieleza bila kuficha: "Dada, kuna wengine niliwashuku. Lakini hapa sina maabara. Nikiandika kimeta, nitaulizwa kipimo kiko wapi."

Hapo ndipo kiini cha tatizo kilipokuwa. Mganga amefundishwa kuthibitisha kabla ya kuandika, ilhali ufuatiliaji huanza na mshukiwa. Mtu mwenye kipele kilichogeuka lengelenge, kisha kikawa kidonda chenye gamba jeusi, kimevimba pembeni lakini hakimuumi, na ambaye amechuna au kula mnyama aliyekufa mwenyewe, anatosha kuripotiwa siku hiyohiyo. Uthibitisho ni kazi ya maabara, na mara nyingi hupatikana mapema zaidi kwa mnyama kuliko kwa binadamu: tone la damu kutoka mshipa wa sikio la mzoga linatosha kutengenezewa kioo cha hadubini, bila kuupasua mzoga, kwa kuwa ni hewa inayowafanya bakteria wageuke spora. Tulikubaliana kwamba swali la kipimo nitalijibu mimi, na kwamba kila atakayemripoti nitamrudishia habari ya kilichofuata. Ahadi hii ya pili ilifanya kazi kuliko semina yoyote niliyowahi kuendesha, maana watu huchoka kutuma taarifa zinazopotelea mjini.

Upande wa wafugaji ulikuwa mgumu zaidi, na sidai kwamba nimeumaliza. Mzee mmoja, baada ya kunipokea shikamoo yangu kwa heshima, aliniambia, "Binti yangu, mkitaja ugonjwa mnafunga mnada, na watoto wangu wanasoma kwa mnada." Sikuweza kumwahidi kwamba mnada hautafungwa. Nilichoweza kumwambia, mbele ya afisa mifugo, ni kwamba habari ya mnyama wa kwanza huwezesha kuchanja mifugo ya maboma ya jirani na kuufukia mzoga mmoja, na kwamba eneo linalozuiwa mapema huwa dogo. Alitaka kujua nani atalipia chanjo. Swali lilikuwa la haki, na afisa mifugo ndiye aliyelijibu.

Washukiwa katika taarifa zetu waliongezeka, nami nikaitwa kueleza kwa nini kimeta "kimelipuka" katika eneo langu. Nilikwenda na nakala za rejesta za misimu iliyopita, nikaonyesha vidonda vya aina ileile vikiwa vimeandikwa kwa majina mengine. Maelezo yalipokelewa, ingawa mkubwa mmoja alibaki na uso wa mtu aliyeipenda zaidi sifuri.

Kinachonisumbua sasa ni uhamisho wa watumishi. Mfawidhi akihamishwa, makubaliano yetu huondoka naye, na wiki mbili tatu baadaye sifuri huanza kurudi katika kituo chake cha zamani. Kwa hiyo jina jipya likitokea katika taarifa za Jumatatu, ninapiga simu siku hiyohiyo, kabla hata ya kuangalia tarakimu zake, ninajitambulisha, kisha ninamuuliza ni mifugo gani imekufa kijijini kwake wiki iliyopita.