Marufuku kupenga kamasi

Leo siku ya tisa tangu nipandikizwe mfupa kwenye taya la juu, na nikipiga chafya bado naachama kama kiboko. Ndiyo amri ya daktari: chafya itokee mdomoni, kamasi hakuna kupenga, mrija hakuna kunyonya.

Mimi nilidhani naenda kuwekewa jino tu. Kumbe gego niling'olewa miaka sita iliyopita, na pengo likikaa, mfupa hupungua, huku sinasi, ule uwazi wa hewa kando ya pua, ikizidi kushuka. Kwenye picha mfupa wangu ulibaki milimita 4. Skrubu ya kubebea jino la bandia ingeshika wapi?

Basi nikachomwa ganzi, wakafungua kidirisha ubavuni mwa taya, wakainua utando wa sinasi, mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai, chini yake wakajaza chembechembe za mfupa. Maumivu sikuyasikia, ila ule mtetemo kichwani, lo! Siku ya tatu shavu lilivimba hata jicho likabaki mstari.

Sasa nangoja miezi sita mfupa ushikane ndipo niwekewe skrubu yenyewe. Mafua tu, jamani, yasinijie wiki hii.